Miaka 12 katika kiti cha kuazima: maisha ya Profesa George Saitoti

Likizo iliyopita nilipanda basi la alfajiri kutoka Mombasa, nikashuka Athi River, nikaingia matatu ya Kitengela kwenda kumwona binti yangu. Yeye na mumewe wamepanga huko, kama walivyopanga maelfu ya vijana wanaofanya kazi katika viwanda vya EPZ au wanaoingia Nairobi kila siku kabla ya jua kuchomoza. Jioni hiyo mjukuu wangu alinijia na kazi ya shule. Mwalimu alikuwa amewataka waorodheshe makamu wa rais na manaibu rais wote wa Kenya tangu Uhuru, kisha waseme ni nani aliyekaa kwenye kiti hicho kwa muda mrefu kuliko wengine.

Mtoto alikuwa amekwisha kuandika jina la Mzee Moi. Nikamwambia afute, aandike George Saitoti. Akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia ni jirani yake, kwa maana amezikwa huku huku Kitengela. Mtoto akacheka akidhani babu anamtania. Binti yangu naye, ambaye ana kura na kitambulisho, alikumbuka tu kwamba ni yule waziri aliyekufa kwa ajali ya helikopta.

Niliporudi Pwani jambo hilo halikuniondoka. Mtu amekaa nafasi ya pili katika nchi kwa jumla ya miaka 12, kisha mtoto anayelala karibu na kaburi lake hamjui. Na sisi Wapwani tuna sababu yetu ya kumtazama. Kila uchaguzi unapokaribia, wanasiasa wetu hutuambia kwamba safari hii lazima Pwani ipewe kiti cha naibu. Tangu 1964 kiti hicho kilipoanzishwa hadi leo hakuna Mpwani aliyekikalia. Basi kabla hatujaendelea kukililia, tuangalie kilimfanyia nini aliyekikalia kuliko wote, na yeye alitufanyia nini akiwa juu yake.

Saitoti alizaliwa tarehe 3 Agosti 1945. Alikulia Ngong, upande wa pili wa Kajiado, akasoma shule ya msingi Ololua, kisha akaingia Mang'u, mojawapo ya shule za upili zilizokuwa na sifa kubwa enzi za ukoloni na hata baadaye. Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kupandisha bendera, yeye alikuwa akijiandaa kupanda ndege. Alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston, Marekani. Huko alisoma hisabati na uchumi. Alipomaliza alivuka kwenda Uingereza, akachukua shahada ya pili Sussex, na ya uzamifu Warwick. Tasnifu yake ilikuwa juu ya topolojia, tawi la hisabati ambalo hata walimu wengi wa hesabu huliogopa.

Alirudi 1972 akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akapanda hadi kuongoza idara ya hisabati. Wanahisabati wa Afrika walipoanzisha chama chao mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa waasisi, akachaguliwa kuwa makamu wa rais wa chama hicho. Ni ajabu kidogo kwamba hata huko, kabla ya siasa kubwa, cheo chake kilikuwa cha makamu. Wakati huohuo alikuwa mbunge katika Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki, mpaka jumuiya ile ilipovunjika 1977.

Aliyemtoa darasani kwa kweli ni Rais Daniel arap Moi. Mwaka 1983, baada ya jaribio la mapinduzi la mwaka uliotangulia, Moi alikuwa akipanga upya serikali yake. Alitaka watu wapya, wenye elimu, wasiokuwa na majeshi yao ya wafuasi. Saitoti alifaa kwa kila kipimo. Hakuwa amewahi kupigiwa kura na mwananchi. Moi alimteua mbunge, na papo hapo akampa Wizara ya Fedha. Mwalimu wa hesabu akakabidhiwa hesabu za nchi nzima.

Hapa ndipo tabia ya maisha yake ya siasa ilipoanzia. Kila alichokuwa nacho alikuwa amepewa na mtu mmoja. Mwaka 1988 alipata kiti cha ubunge cha Kajiado Kaskazini, akakishikilia mpaka kufa. Lakini hata nyumbani hakukosa maneno. Jina lake la katikati lilikuwa Kinuthia, jina la Kikuyu, na la mwisho Saitoti, jina la Kimaasai. Wapinzani wake walilichezea jambo hilo kwa miaka mingi, mara wakisema si Mmaasai halisi, mara wakisema anajificha. Yeye alizoea kunyamaza. Nilipotembea Kitengela nikasikia Kimaasai dukani, Kikuyu kwenye matatu, Kikamba sokoni na Kiswahili kila mahali, niliona kwamba mji wenyewe leo una majina mawili kama yeye, na watu wanaishi.

Ili kuelewa alichopewa tarehe 1 Mei 1989, lazima tuelewe kiti chenyewe. Katika Katiba ya zamani makamu wa rais hakuchaguliwa na wananchi kwa cheo hicho. Rais alimteua kutoka miongoni mwa mawaziri wake, na mawaziri walitoka bungeni. Aliyemteua angeweza kumwondoa siku yoyote bila kutoa sababu. Kazi ya makamu ilikuwa ile aliyopewa na rais, basi.

Jambo moja tu liliufanya unaibu huo kuwa na uzito: rais akifa, makamu angeshika usukani kwa siku 90 hadi uchaguzi ufanywe. Jambo hilo lilitaka kuondolewa 1976. Kundi la wanasiasa wenye nguvu lilitaka Katiba ibadilishwe ili Moi, aliyekuwa makamu, asirithi hata kwa siku hizo 90. Miongoni mwa waliosimama mbele kulipinga kundi hilo alikuwa mtu wa Kajiado, Stanley Oloitipitip, mbunge wa Kajiado Kusini, aliyekusanya saini za wabunge wenzake kumtetea Moi. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Agosti 1978, Mzee Jomo Kenyatta alifariki hapa kwetu, katika Ikulu ya Mombasa. Makamu akawa rais. Ni hapa Pwani, basi, kiti hicho kilipoonyesha kwa mara ya kwanza na ya mwisho chini ya Katiba ile kwamba kina nguvu.

Moi alijifunza vizuri somo hilo. Aliyekuwa makamu asiyetiliwa maanani akawa rais. Kwa hiyo hakutaka makamu wake mwenyewe apate mizizi. Mwai Kibaki alidumu miaka 10 kisha 1988 akateremshwa kuwa Waziri wa Afya. Josephat Karanja aliyemfuata alidumu kama mwaka mmoja tu; wabunge walimvamia kwa tuhuma za kiburi, wakapitisha kura ya kutokuwa na imani naye, akajiuzulu. Hicho ndicho kiti alichokalia Saitoti, kingali na joto la mwenzake aliyefukuzwa. Asingekuwa mpole asingemaliza miaka miwili.

Na mpole alikuwa. Wakubwa wa chama cha KANU wilayani, wengine wasiokuwa na hata cheti cha shule, walimkaripia hadharani na yeye akavumilia. Lakini tusimfanye kuwa mtu wa bure. Mwaka 1990, makanisa, mawakili na wanasiasa walipokuwa wakidai vyama vingi, aliongoza kamati ya KANU iliyozunguka nchi kusikiliza wananchi. Watu waliotarajiwa kusifu walisema mambo mazito mbele ya makamu wa rais. Walilalamikia kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, iliyomfanya mwenye mstari mfupi atangazwe mshindi. Ripoti ya kamati yake ilisaidia kuuzika mlolongo na kuwarudishia majaji usalama wa kazi zao. Kabla ya mwisho wa mwaka 1991 Kenya ilikuwa imerudi kwenye vyama vingi.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo lilipoingia doa lisilofutika: Goldenberg. Saitoti alikuwa makamu wa rais na bado Waziri wa Fedha. Kampuni hiyo ilikubaliwa kulipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza nje, ilhali kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 20. Kenya haichimbi almasi, na dhahabu yake ni kidogo. Mabilioni ya shilingi yalitoka katika hazina ya umma kwa mali ambayo haikuwepo. Shilingi ikaporomoka, bei zikapanda, na kila mwananchi akailipia katika unga na mafuta ya taa, hata yule wa Ganze au Kipini asiyejua Goldenberg ni mnyama gani.

Haki inataka tuseme na upande wake. Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyochunguza sakata hiyo baada ya utawala wa KANU kuondoka, ilipendekeza achukuliwe hatua, na Februari 2006 alijiondoa katika baraza la mawaziri. Alikwenda mahakamani. Julai 2006 Mahakama Kuu iliamuru jina lake liondolewe katika ripoti, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba malipo yale yalikuwa yamepitishwa na Bunge. Hakuwahi kupatikana na hatia. Mwisho wa mwaka huo alirudishwa wizarani. Lakini mahakama husafisha jina kwenye karatasi. Kwenye barazani jina lilibaki pale pale. Nami nikiwa mwalimu niliyepokea mshahara ule ule mwaka baada ya mwaka huku bei zikipaa, nakiri kwamba sikumsamehe upesi.

Baada ya uchaguzi wa 1997 Moi alimwonyesha Saitoti, na nchi nzima, kiti kile ni cha nani. Januari 1998 alitangaza baraza jipya la mawaziri bila kumteua makamu wa rais. Saitoti akabaki waziri kama wengine. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, nchi ikaendelea bila mtu wa pili. Watu walidai, magazeti yaliandika, Moi akanyamaza. Kisha Aprili 1999, akiwa kando ya barabara huko Limuru, akihutubia watu waliokuja kumsalimu, alitangaza kwamba amemrudishia Saitoti cheo. Miezi 14 ya kungoja iliisha hivyo, barabarani, kama mtu anayerudishiwa mwavuli aliousahau. Na Profesa aliupokea, akarudi ofisini.

Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa Kajiado, tukiwa tumekaa Kitengela tukinywa chai, akieleza kwamba siku ile watu wa huko walisherehekea lakini pia waliona aibu. Aliuliza mtu mwenye elimu kiasi kile, aliyefundisha hisabati za juu, alishindwa vipi kupiga hesabu ndogo kwamba mwenye kukupa kando ya barabara atakunyang'anya kando ya barabara. Sikuwa na jibu la kumpa. Labda alikuwa amepiga hesabu hiyo siku nyingi, akaona kwamba waliotoka kwa hasira hawakufika popote. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu 1966 akaishia kizuizini. Joseph Murumbi, ambaye mama yake alikuwa Mmaasai, alijiuzulu mwaka huo huo baada ya miezi michache akaachana na siasa kabisa. Moi mwenyewe alivumilia matusi miaka 11 akawa rais. Saitoti alichagua mfano wa Moi. Kosa lake ni kwamba bosi wake alikuwa ameusoma mfano huo kabla yake.

Siku ya hukumu ilikuwa tarehe 18 Machi 2002, katika uwanja wa Kasarani. KANU ilikuwa ikiungana na chama cha NDP cha Raila Odinga. Kwa mujibu wa mpango mpya, chama kingekuwa na makamu wenyeviti wanne badala ya mmoja. Wajumbe kutoka kila pembe walifika, wakapewa orodha ya majina ya kupitisha. Wanne hao walikuwa Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Katana Ngala wa kwetu, mwana wa marehemu Ronald Ngala. Jina la makamu wa rais wa nchi halikuwemo. Moi alikuwa amekwisha kuambia watu kwamba Saitoti ni rafiki yake, ila urafiki ni kitu kimoja na siasa ni kitu kingine.

Sisi huku tulikuwa na furaha yetu. Mtoto wa Pwani alikuwa amepanda, na wengi walidhani mlango umefunguka. Nakumbuka tulivyokusanyika kwenye redio, na jirani yangu akanunulia kila mtu kahawa. Sikumfikiria hata kidogo yule mtu aliyekuwa amesimama jukwaani bila kiti. Saitoti alikaribia kipaza sauti, akasema kwamba hatagombea, kwamba kuna wakati nchi ni kubwa kuliko mtu mmoja, akashuka. Hakutukana wala kulia. Baada ya miaka 13 ya kusema aliyotumwa, hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, na ndiyo Wakenya wanayoyakumbuka mpaka leo.

Furaha yetu nayo ilifika wapi? Makamu wenyeviti wale wanne hawakuwa na nguvu yoyote. Miezi minne baadaye Moi alimchagua mmoja wao, Uhuru, kuwa mgombea urais, na wengine wakabaki na vyeo vya karatasi. Saitoti alijiunga na waliokataa uamuzi huo. Tarehe 30 Agosti 2002 akafutwa kazi. Mudavadi akapewa umakamu Novemba, na Disemba akaangushwa na wapiga kura wake wa Sabatia akiwa bado makamu wa rais. Kiti cha pili katika nchi hakikumsaidia hata kulinda kiti cha ubunge.

Sasa naja kwa Saitoti niliyemjua mimi, kwa kazi na si kwa sura. Upinzani ulishinda uchaguzi ule, Kibaki akawa rais, na Saitoti akateuliwa Waziri wa Elimu. Januari 2003 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure. Wakati huo nilikuwa nikifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi huku Pwani. Jumatatu ya kwanza nilitarajia watoto 40 hivi. Walikuja zaidi ya 100. Walikuwemo wavulana wa miaka 12 waliokuwa wakichunga mbuzi, wasichana waliokuwa wamepelekwa mjini kuwa yaya, na mama mmoja aliyeleta watoto wanne kwa mkupuo, akawapanga mlangoni kwa urefu. Madawati hayakutosha. Nusu yao nilifundisha chini ya mwembe, na mvua iliponyesha tulibanana sote ndani kama dagaa.

Tulilalamika sana, na tulikuwa na haki. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, walimu hawakuongezwa, na ubora ulishuka. Lakini zaidi ya watoto milioni 1 waliingia shule mwaka ule nchini. Mmoja wa wale wavulana wa mbuzi leo ni fundi wa umeme, na ameniwekea taa nyumbani kwangu akakataa malipo. Mpango ule ulikuwa ahadi ya serikali nzima, si wa Saitoti peke yake, lakini yeye ndiye aliyepewa kuutekeleza, na aliutekeleza. Alifanya hivyo akiwa waziri wa kawaida, bila bendera ya makamu kwenye gari.

Mwaka 2008 alihamishiwa Wizara ya Usalama wa Ndani, na huko kalamu yake ikatugusa kwa namna nyingine. Oktoba 2010 alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba makundi 33 yamepigwa marufuku. Pamoja na magenge ya wahalifu aliliweka kundi la Mombasa Republican Council, MRC, lililokuwa likisema kwamba Pwani haipaswi kuwa sehemu ya Kenya. Mimi sikuunga mkono kujitenga, na siungi mkono sasa. Hata hivyo, kundi lile lilipata masikio kwa sababu lilizungumza juu ya mashamba bila hati, juu ya maskwota katika ardhi ya babu zao. Kuliweka kapu moja na wanyang'anyi hakukujibu swali hata moja la ardhi. Vijana wengi walishikwa. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku hiyo, lakini aliyeitia saini alikuwa amekwisha kuzikwa mwezi mmoja kabla.

Ni yeye pia, pamoja na Waziri wa Ulinzi Yusuf Haji, waliotangaza Oktoba 2011 kwamba majeshi ya Kenya yataingia Somalia kuwafuata Al-Shabaab. Sababu ya karibu ilitokea katika visiwa vyetu: watalii waliotekwa Kiwayu na Manda, mmoja akiuawa pale pale. Lamu ilibaki bila wageni, mahoteli yakafungwa, mabaharia wa madau ya watalii wakakaa bandarini wakishona matanga yasiyokwenda popote. Vita vile vimetuletea yake mengi tangu hapo, na si mahali hapa pa kuyahesabu. Nataka msomaji aone jambo moja tu: katika maisha ya Saitoti, yaliyotugusa sana Wapwani, mazuri na machungu, aliyafanya akiwa waziri. Miaka 12 ya umakamu, ukiniuliza ilituachia nini Pwani, nakosa la kutaja.

Kufikia 2012 alikuwa ametangaza kwamba atawania urais katika uchaguzi uliofuata, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Jumapili asubuhi, tarehe 10 Juni 2012, aliondoka uwanja wa Wilson kwa helikopta ya polisi pamoja na waziri msaidizi wake, Joshua Orwa Ojode, kwenda harambee ya kanisa katika eneobunge la Ojode la Ndhiwa. Muda mfupi baada ya kuruka, helikopta ilianguka katika msitu wa Ngong, mahali paitwapo Kibiku, ikawaka moto. Watu wote sita waliokuwemo walikufa: mawaziri hao wawili, marubani wawili na walinzi wawili. Alianguka karibu na mahali alipolelewa. Wengi walikumbuka kwamba tarehe hiyo hiyo, miaka minne kabla, ajali nyingine ya ndege iliwaua Kipkalya Kones na Lorna Laboso. Tume iliyoongozwa na Jaji Kalpana Rawal iliundwa kuchunguza. Saitoti alizikwa katika shamba lake la Kitengela.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilizunguka mji kidogo. Upande mmoja wa barabara ya Namanga kuna majumba ya ghorofa yanayopanda kila mwezi; upande wa mbuga ya Nairobi bado utaona punda milia wakichungulia ua wa mtu. Zamani nyanda hizi zilikuwa za mifugo na wanyama peke yao. Sheria ya kuanzisha EPZ ilipitishwa 1990, Saitoti akiwa makamu wa rais na Waziri wa Fedha, viwanda vikajengwa Athi River, na wafanyakazi wakatafuta pa kulala. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 Kitengela. Binti yangu ni mmoja wao.

Leo sheria imebadilika. Katiba ya 2010 imemfanya naibu rais achaguliwe kwa kura moja na rais, na rais hawezi kumfuta kazi. Tulidhani kiti sasa kimepata miguu yake. Kisha Oktoba 2024 tukaona Bunge la Taifa na Seneti wakimwondoa Rigathi Gachagua chini ya miaka miwili na nusu tangu aapishwe, na Kithure Kindiki akaapishwa mwezi uliofuata. Njia ya kuondolewa imekuwa ndefu na ya wazi zaidi kuliko ile ya Limuru na Kasarani, na hilo ni jema. Lakini naibu aliyekosana na mkubwa wake bado hana pa kuegemea, isipokuwa kwa wananchi walio nyuma yake kweli.

Ndiyo maana nawaambia Wapwani wenzangu: mwanasiasa akija kutuambia tumpe kura zote ili akajadiliane apate unaibu, tumuulize kwanza anataka nini cha ardhi, cha bandari, cha shule na cha uvuvi, na amekiandika wapi. Wizara moja yenye bajeti na mtu mwenye msimamo imetufikia zaidi kuliko kiti cha pili kilichokaliwa kwa heshima ya mwenyewe. Saitoti alikuwa na akili kuliko wengi watakaokuja kutuomba kura. Alikuwa na subira kuliko wote. Na bado siku aliyohesabika ni ile aliyosimama bila kiti.

Mjukuu wangu alipata alama zote katika kazi ile. Mwalimu alimwekea alama ya swali kando ya jina la Saitoti, akaenda kuhakikisha, kisha akarudi akaifuta. Nimemwahidi kijana kwamba nikirudi Kitengela tutaomba ruhusa kwa wenyewe, twende pamoja tukalione kaburi.